Ripoti Nzito za Afya: Kutoka Bahasha hadi Seva, Migato na Simiyu

Kata ya Migato, iliyomo leo katika Wilaya ya Itilima, ilikuwa sehemu ya Bariadi, mkoani Shinyanga, hadi Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, na kabla ya hapo, kama kwingineko Usukumani, taarifa za zahanati zilifika wilayani kwa karatasi. MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioenezwa nchini miaka ya 1990, ulimtaka mhudumu aandike wagonjwa wa nje katika Kitabu namba 5 na wajawazito katika Kitabu namba 6, kisha mwisho wa mwezi ajumlishe na kujaza fomu. Kazi hiyo ilichosha, lakini bahasha ilikuwa na sifa ambayo haikuthaminiwa ipasavyo: ama ilifika nzima, ama haikufika.

Simu ya mkononi ilileta njia ya kasi zaidi, ingawa nyembamba, kwa kuwa ujumbe mfupi mmoja hubeba baiti 140 tu, sawa na herufi 160. Mradi wa SMS for Life, uliojaribiwa mwaka 2009 na 2010 katika vituo 129 vya Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, ulitumia ufinyu huo vyema, kwani kila wiki vituo vilituma idadi ya dawa za malaria zilizobaki, na katika wiki 21 vituo vilivyokosa walau dawa moja vilipungua kutoka asilimia 78 hadi 26.

Mambo yalibadilika pale DHIS2, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo na kuendelezwa nchini pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilipofika wilaya zote mwishoni mwa 2013. Hapo ripoti zikawa sehemu ya huduma za wavuti, yaani mawasiliano ambamo programu moja huiomba nyingine taarifa kupitia intaneti, na ukubwa wa ujumbe ukawa chanzo cha hitilafu. Seva, ambayo ni kompyuta inayopokea maombi, huwekewa kikomo cha ukubwa, na ombi likizidi hukataliwa kwa namba 413. Kikomo cha awali cha programu ya Microsoft iitwayo WCF, kwa mfano, kilikuwa baiti 65,536 tu. Namba 504 ina maana nyingine kabisa, kwamba seva ya kati imechoka kusubiri jibu, na fundi anayezichanganya hizi mbili ataongeza kikomo bila kutibu chochote. Picha nayo, ikigeuzwa herufi ili ikae ndani ya maandishi, huongezeka kwa theluthi, kwa kuwa kila baiti tatu huwa herufi nne, na ndiyo sababu mwaka 2005 shirika la viwango vya wavuti, W3C, liliidhinisha MTOM, utaratibu wa kuibeba picha kama ilivyo kando ya ujumbe.

Palipo na mtandao dhaifu, hata hivyo, kuongeza kikomo ni tiba duni, kwani ujumbe mkubwa ukikatika karibu na mwisho hulazimika kuanza upya. Tiba ya kweli ni kuugawa vipande vyenye namba, ili kilichopotea kitumwe peke yake, na kuhifadhi kazi kwa muda kwenye kompyuta ya mtumaji, jambo ambalo ukurasa wa DHIS2 wa kuingizia takwimu hulifanya mtandao unapopotea. Wanaosanifu mifumo ya wilaya kama Itilima waanze na hayo mawili kabla ya kununua seva kubwa zaidi.