Pumu ya mzio
Pumu ya mzio huamshwa na vitu visivyowadhuru watu wengi: chavua, mba ya paka, kinyesi cha mende na hasa cha utitiri wa vumbi, kijidudu cha jamii ya buibui kinachoishi magodoroni kikila magamba ya ngozi yetu. Mwili wa mwenye mzio hutengeneza kingamwili ya IgE, iliyotambuliwa miaka ya 1960. Hiyo hujibandika kwenye seli ambazo, vumbi likivutwa tena, humwaga kemikali iitwayo histamini; njia za hewa huvimba, hujaa ute na kubana, kifua kikapiga filimbi. Si kila pumu hutokana na mzio. Dawa ya salbutamoli hufungua kifua kwa saa chache tu. Uvimbe wenyewe hutulizwa na steroidi ya kuvuta, dawa ambayo wengi huiacha mara wanapopata nafuu.