Shule na Madaftari Yake: Jinsi ya Kuchungua Mageuzi ya Shule Zetu



Ni desturi ya taarifa ya mwaka kuhesabu fedha zilizoingia na zilizotoka, pamoja na watoto waliosaidiwa karo. Hesabu hiyo ni ya lazima. Lakini yafaa tuulize pia jambo lililo nyuma yake: hiyo shule tunayoilipia ni kitu gani, nayo imegeukaje tangu ilipoanza? Wengi hudhani kwamba shule haibadiliki, maana kengele, ubao na chaki ni vile vile. Mwenye kuchungua ataona kwamba jina na kuta zaweza kubaki, lakini kazi ya shule katika maisha ya watu hugeuka, tena mara nyingi kwa mashindano makali.

Hata maneno yenyewe yana habari. Pwani, kabla ya kuja misheni, watoto walikwenda chuoni kusoma Kurani, na neno chuo lilikuwa na maana ya kitabu pia. Neno skuli lilitoka kwa Waingereza, na shule likatoka kwa Wajerumani waliotawala Tanganyika. Huku bara mtoto alifunzwa na wazee wake kando ya moto, malishoni, na wakati wa jando. Basi misheni ilipoanza kazi Rabai mwaka 1846, na Freretown mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani, haikuikuta nchi isiyo na mafunzo. Ilikuta mafunzo mengine, ikashindana nayo.

Mtu atakaye kuichungua shule yoyote na aulize maswali matatu.

Swali la kwanza: ni nani yumo katika daftari la majina, na ni nani hayumo? Alliance High School ilifunguliwa Kikuyu mwaka 1926 kwa wavulana wa Kiafrika. Shule ya wasichana iliyo jirani yake ilifunguliwa mwaka 1948. Miaka 22 ni umri wa mtu mzima. Dada za wale wavulana wa kwanza walikuwa wamekwisha kuwa mama za watoto. Tena, siku zile za ukoloni, mtoto wa Kizungu, wa Kihindi na wa Kiafrika kila mmoja alikuwa na shule yake, na fedha za Serikali hazikugawanywa sawasawa. Baada ya Uhuru, Tume ya Ominde, iliyotoa taarifa yake ya kwanza mwaka 1964, ilishauri mgawanyo huo wa rangi ukomeshwe. Karo ya shule za msingi ilipoondolewa mwaka 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka madarasani kwa mwaka mmoja tu. Hao hawakuzaliwa mwaka ule. Walikuwako vijijini, ila daftari halikuwajua.

Swali la pili: saa za mchana zatumiwa kwa kazi gani? Idara ya Elimu iliundwa mwaka 1911, na wakuu wengi wa wakati ule walitaka Mwafrika afundishwe zaidi kazi za mikono. Lakini tayari mwaka 1908 wanafunzi wa Maseno, shule iliyoanzishwa mwaka 1906, walikuwa wamegoma, wakilalamika kwamba kazi za mikono ni nyingi na masomo ni machache. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika ya Mashariki, naye Dakta Aggrey wa Gold Coast alikuwa mmoja wao. Mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete ili kutoa walimu wa kuviendeleza vijiji. Tangu siku hizo hoja hii haijaisha. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulirudisha useremala, kilimo na upishi darasani, na mtaala wa umilisi, uliojaribiwa kuanzia mwaka 2017, nao wazungumzia ujuzi wa kutenda. Ila tusidanganyike kwa kuona jembe lile lile. Jembe alilopewa mtoto ili asipande juu, na jembe apewalo ili ajitegemee, si kitu kimoja. Mchunguzi lazima aulize ni nani aliyelitoa, na kwa nia gani.

Swali la tatu: ni nani alipaye, na ni nani aamuaye? Mabaraza ya Wenyeji, yaliyoanza katika miaka ya 1920, yalitoza watu fedha kwa ajili ya shule. Baada ya ugomvi wa mwaka 1929 kati ya misheni na Wakikuyu juu ya tohara ya wasichana, wazazi wengi walijijengea shule zao za kujitegemea. Mwaka 1939 shule hizo zikapata chuo chao cha walimu, Githunguri, kilichojengwa kwa michango ya wananchi. Mwaka 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa, Serikali ilikifunga, na mahali pale pakageuzwa kuwa pa kunyongea watu. Wazee waliobeba mawe ya kujengea chuo hawakubeba mawe kwa kazi ile. Baada ya mwaka 1963 wananchi walianza tena, wakajenga shule za Harambee kila upande wa nchi. Wale wasomaji wa taarifa za Serikali peke yake wataona amri na tume, wala hawatawaona akina mama waliouza kuku ili bati lipatikane.

Hapa ndipo ilipo kazi yetu. Historia ya elimu ya nchi yaweza kusomwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi. Lakini historia ya shule moja imo ndani ya daftari la majina, kitabu cha matukio cha mwalimu mkuu, miniti za halmashauri, na vichwa vya wazee. Daftari huonyesha ni nani aliyeacha shule na mwezi gani. Halisemi kwa nini. Mzee huweza kusema ni kwa sababu ya njaa, kuchuma kahawa, au kuolewa. Ila huenda akasahau mwaka. Yafaa ushahidi wa pande zote mbili uwekwe pamoja, na ukigongana tusiharakishe kumwita mmoja mwongo.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Madaftari mengi ya shule zetu yamo katika vyumba vinavyovuja, na mchwa hawangoji ruhusa ya halmashauri. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Madarasa ya saba na ya nane ya mfumo ule yamekwisha, na karatasi zake zaweza kutupwa kama takataka.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, kila tawi lizungumze na walimu wakuu ili madaftari ya zamani yawekwe katika sanduku la chuma, mahali pakavu. Pili, vijana wetu walio katika shule za sekondari watumwe wakati wa likizo kuandika maneno ya wazee, mwanamume na mwanamke, wakitaja jina la msemaji kwa ridhaa yake, na tarehe. Tatu, kabla ya kugawanya fedha za karo mwaka ujao, Halmashauri ipitie madaftari ya miaka 10 iliyopita, ione ni watoto wa nyumba gani waachao shule, na katika darasa gani. Huenda tukagundua kwamba fedha zetu huwafikia wale ambao wangesoma hata bila sisi.

Kila kizazi kilipewa shule, kisha kikaibadilisha. Wazee wetu walifanya hivyo kwa mawe na shilingi zao. Sisi tusipoandika waliyoyatenda, watoto watadhani kwamba shule iliota yenyewe kama uyoga, nao hawatajua kwamba wana haki ya kuigeuza.