Kusafisha picha

Ingia saiba yoyote Kitengela na bahasha ya negativu za zamani, umwambie kijana wa kaunta, "Nisafishie hizi." Huenda akachukua kitambaa aanze kufuta. Hana kosa. Sisi wa zama za filamu tunajua kusafisha, au kuosha, ni kuitia filamu kwenye dawa gizani mpaka taswira ijitokeze. Ya rangi huoshwa kwa dawa yenye nyuzijoto 38. Negativu zako zilishasafishwa, pengine tangu harusi ile ya Kajiado mwaka 1984. Sasa unataka ziskaniwe.

Wapo wanaopendekeza "kudijitisha". Sina ugomvi nalo, ila pale kaunta utatazamwa tu. "Kuskani" linatosha, mradi useme na mengine: skana iwe na taa kwenye kifuniko, maana negativu husomwa kwa mwanga unaoipenya, dipiai 2400 kwenda juu, kwa kuwa fremu yenyewe ni milimita 24 kwa 36 tu, na vumbi la Barabara ya Namanga lipulizwe kwa kipampu cha mkono, lisifutwe kwa leso. Ukishapewa faili zako, negativu usizitupe.