Mabwawa ya Mashapo na Urejeshaji wa Ardhi ya Makaa ya Mawe Appalachia

Katika mgodi wa wazi wa makaa ya mawe nchini Marekani, bwawa la mashapo hujengwa kabla mlima haujaguswa, na huondolewa baada ya karibu kila kitu kingine. Utaratibu huo umetokana na sheria ya mwaka 1977, na sheria yenyewe ilizaliwa na uharibifu wa miaka mingi katika milima ya Appalachia, hasa West Virginia, Kentucky na Pennsylvania.

Awali mchimbaji alichukua makaa yake akaenda zake. Mashine zilikata ubavu wa mlima kufuata tabaka la makaa, na vifusi vikasukumwa bondeni. Juu ulibaki ukuta mtupu wa mwamba. Chini, kila mvua iliteremsha matope hadi vijitoni na mashambani. Tena mawe yanayoandamana na makaa mara nyingi huwa na piriti, madini ya chuma na salfa, ambayo yakipata hewa na maji hutoa asidi. Vijito vingi viligeuka rangi ya machungwa kwa kutu, samaki wakatoweka.

West Virginia ilitunga sheria ya kudhibiti uchimbaji huo mwaka 1939, na majimbo mengine yakafuata katika miaka ya 1940. Sheria hizo hazikuwa na meno, kwani jimbo lililowabana wachimbaji liliogopa kuwaona wakihamia kwa jirani.

Kilichowashtua Wamarekani zaidi ni msiba wa Buffalo Creek, West Virginia. Asubuhi ya tarehe 26 Februari 1972, bwawa la taka za makaa lilipasuka na kumwaga maji meusi yapatayo lita milioni 500 katika bonde lenye vijiji vingi. Watu 125 walikufa na zaidi ya 4,000 wakakosa makazi. Tuta lake lilikuwa rundo la taka za mgodi zilizomwagwa juu ya tope. Kampuni husika ilidai kuwa ni kazi ya Mungu, dai ambalo halikustahili kutamkwa mbele ya wafiwa.

Hata baada ya msiba huo, Rais Gerald Ford aliikataa mara mbili miswada ya Bunge ya kudhibiti uchimbaji huo. Hatimaye Rais Jimmy Carter aliitia saini sheria hiyo tarehe 3 Agosti 1977. Tangu hapo mchimbaji alitakiwa kuhifadhi udongo wa juu, kurudisha mlima katika umbo linalokaribia la awali, kupanda mimea, na kuweka dhamana ya fedha kabla ya kuanza kazi. Kila tani ya makaa ya mgodi wa wazi ilitozwa senti 35, na ya chini ya ardhi senti 15, ili kutengeneza maeneo yaliyotelekezwa zamani.

Kazi ya kuzuia matope ni ya bwawa la mashapo, ambalo huchimbwa chini ya eneo la kazi, mahali maji yote ya mteremko yanapopitia. Kwa kawaida ukubwa wake hupangwa kwa kufuata mvua kubwa ya saa 24 ambayo hutarajiwa mara moja katika miaka 10. Maji yakiingia hupoteza kasi: mchanga huzama kwanza, tope laini hufuata, na chembe za mfinyanzi huweza kuelea siku kadhaa, hata ikabidi kutia dawa ya kuzigandanisha. Kwa kawaida, maji yanayotoka hayaruhusiwi kuzidi wastani wa miligramu 35 za chembe kwa lita kwa mwezi, wala 70 kwa siku moja. Tope likijaa huchotwa, maana bwawa lililojaa hupitisha uchafu kama ulivyoingia.

Bwawa haliwezi kubomolewa kabla ya kupita miaka miwili tangu mbegu za mwisho zipandwe, na mpaka mimea iwe imeshika ardhi. Ndipo maji hupunguzwa taratibu, tope huondolewa, tuta husawazishwa na njia ya kijito hutengenezwa upya. Mwenye ardhi akitaka, na bwawa likitimiza masharti, huachiwa kwa ajili ya mifugo au samaki.

Lakini kuzuia tope si sawa na kurudisha msitu. Ili udongo usimomonyoke, makampuni yaliushindilia kwa matingatinga na kupanda nyasi zinazoota haraka. Milima ilirudi kijani na tope likapungua majini, ila mizizi ya miti haikuweza kupenya. Tangu mwaka 2004, mpango wa kurudisha misitu Appalachia umehimiza udongo uachwe tifutifu kwa kina cha mita 1.2 hivi, na miti ya asili ipandwe humo. Sheria ingalidai hivyo tangu mwanzo, maelfu ya hekta yangekuwa msitu leo.

Mwaka 2021 Bunge la Marekani lilitenga dola bilioni 11.3 kwa ajili ya migodi iliyotelekezwa kabla ya sheria ya 1977. Migodi ya baadaye, kwa sehemu kubwa, hutegemea dhamana zake. Baadhi ya makampuni yaliruhusiwa kujidhamini yenyewe kwa kuonyesha tu kuwa yana mali, na kuanzia mwaka 2015 kadhaa makubwa yaliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Dhamana ya namna hiyo haifai. Inayofaa ni fedha iliyokwisha kuwekwa, inayotosha kuchota tope la mwisho na kupanda mti wa mwisho.