Safu ya lugha: Jazi

Jazi, ambayo kwenye majina ya bendi huandikwa kwa tahajia ya kigeni, Jazz, nchini Tanzania ilimaanisha bendi ya dansi yenye magita na ala za kupuliza. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa 1932, Morogoro Jazz 1944. Baadaye zikaja Tabora, Kilwa, Western na Nuta Jazz. Anayetafuta ndani yake jazi ya Wamarekani weusi ataambulia kidogo.

Damu yake hasa ni ya Cuba. Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ilisambaza Afrika santuri za Kikuba zenye alama ya GV, na wanamuziki wakazikariri. Salum Abdallah wa Morogoro hakuficha asili hiyo: bendi yake iliitwa Cuban Marimba. Katika muziki huo gita la solo huzungukazunguka juu ya rizimu na besi, saksofoni zikaitikia, na tumba (jina nalo la Kikuba) zikashika mwendo.

Miaka ya 1970 ladha ya soul ikaingia, hasa kwa Afro 70 ya Patrick Balisidya, ambayo mtindo wake uliitwa Afrosa. Jina la bendi hiyo halikuwa tena na jazi.