Mshahara Upi? Safari ya Kadi ya Bima Kutoka Ofisini Hadi kwa Mvuvi

Wiki iliyopita, baada ya kipindi, ami yangu mmoja, mvuvi wa Chula aliyevua kamba tangu utotoni, aliniuliza: "Hiyo bima mnayoitangaza, mimi nitakatwa mshahara upi?" Sikuwa na jibu pale pale. Kipindi cha leo ndicho jibu langu, na imenibidi nianzie mbali kidogo.

Hadi mwaka 1925, Kismayo na visiwa vyetu vilikuwa chini ya Mwingereza, pamoja na Lamu na Pate. Mwaka huo Jubaland ikapewa Italia, kutimiza ahadi ya Vita Vikuu vya Kwanza, na mpaka ukapita karibu na Ras Kamboni. Mbajuni wa Kizingitini akabaki Kenya, ndugu yake wa Chula akawa upande wa pili. Bahari ilikuwa ile ile. Kilichogawanyika ni daftari la serikali, na jina la nani limeandikwa ndani yake.

Kenya ilitunga sheria ya bima ya hospitali mwaka 1966, tunayoijua kwa jina la NHIF. Mwajiriwa aliyepata shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi alikatwa shilingi 20. Mvuvi hakuwamo. Mwaka 1972 sheria ikarekebishwa, asiye na mshahara huo naye akaruhusiwa kujiunga kwa hiari. Kwa hiyo tangu mwaka huo mtu wa Kizingitini angeweza kuwa na kadi, kwenye karatasi. Nasema "kwenye karatasi" makusudi. Karani hukatwa kabla hajaishika pesa yake, hana la kuamua. Mvuvi hulipa kwa mkono wake mwenyewe, na wewe unajua kusi ikichachamaa mashua zinavyokaa ufukweni. Mwezi bila bahari ni mwezi bila mchango. Na kufikia 2015 mchango wa hiari ulikuwa umepanda kutoka shilingi 160 hadi 500.

Tanzania ndiko jambo hili lilikoonekana wazi zaidi. Mfuko wao wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya 1999, ukaanza kazi 2001 na watumishi wa serikali. Mtumishi alichangia asilimia 3 ya mshahara, serikali nayo asilimia 3, akatibiwa yeye, mwenza wake na wategemezi hadi wanne. Mkulima akawekewa mlango mwingine, Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996: kaya ililipa mara moja kwa mwaka. Milango miwili, na huduma si sawa. Wa serikali aliingia hospitali kubwa, wa kijijini aliishia zaidi zahanati ya jirani.

Polepole mlango wa kwanza ukafunguliwa. Ikaja Toto Afya Kadi, mzazi yeyote alipie mtoto shilingi 50,400 kwa mwaka. Mwaka 2019 vikaja vifurushi vya watu binafsi: Najali, Wekeza na Timiza, cha chini kabisa shilingi 192,000 kwa mwaka kwa kijana aliye peke yake. Watu wakafurahi, na wazazi wengi wakafanya ambalo hata mimi ningelifanya: wakamkatia kadi mtoto anayeumwa, mzima wakamwacha. Mfuko ukalipa matibabu mengi kuliko michango. Mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja kwa Toto Afya Kadi ukasimamishwa, wazazi wakaambiwa wapitie shuleni, ambako wazima na wagonjwa huandikishwa pamoja. Kelele zilikuwa nyingi. Mimi siwalaumu wazazi. Ukiwa na watoto watano na pesa ya kadi moja, utamchagua nani? Lakini bima haina hazina nyingine zaidi ya pesa ya aliye mzima.

Ndiyo maana nchi hizi zimeanza kuiacha hiari. Mwaka 2023 Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Zanzibar mwaka huo huo ilianza mfuko wake, na kwa mara nyingine wa kwanza kuingia walikuwa watumishi wa umma. Kenya iliifunga NHIF, na tangu Oktoba 2024 iko SHA: asilimia 2.75 ya kipato, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na mshahara huulizwa maswali ya nyumba, maji na taa, kisha hukadiriwa, na hutakiwa alipe ya mwaka mzima.

Basi ami, jibu lako ni hilo: hakuna mshahara wa kukatwa, utakadiriwa. Kwa wakimbizi njia ilianza na wachache, pale UNHCR ilipoanza mwaka 2014 kuwaandikisha NHIF baadhi ya wanaoishi Nairobi. Ukienda kujiandikisha, chukua kitambulisho chako cha mkimbizi, na uulize mambo mawili kabla ya kutoa hata shilingi: nani katika nyumba yangu ameingia, na hospitali ipi itanipokea. Nenda ukiwa mzima, wakati wa kaskazi, mfuko una kitu.

Nilipomsomea haya jana usiku, ami alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na waliobaki Chula?" Huko serikali ilianguka Januari 1991, na daftari la kuwaandika halijafunguliwa.