FAMILIA YA MURJEBI NA PEMBE ZA UNYANYEMBE

Wapo makada wanaoieleza biashara ya pembe za ndovu kwa rangi tu: Mwarabu alinyonya, Mwafrika alinyonywa. Maelezo hayo yanayaficha matabaka. Tuichambue familia moja.

Muhammed bin Juma, wa ukoo wa Murjebi wa Unguja, alilowea Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo, akamwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Ndoa hiyo ilikuwa na msingi wa kiuchumi. Mgeni alipata ulinzi na sauti barazani. Utawala wa kitemi ulipata nguo, bunduki na baruti. Mzigo uliwaangukia wengine: wapagazi wa Kinyamwezi, wengi wao watu huru waliolipwa vitambaa, na watumwa waliolima mashamba ya wakubwa.

Fundikira alifariki mwaka 1858. Mrithi wake, Mnywa Sere, akawatoza wafanyabiashara ushuru. Urafiki ukafa papo hapo. Wageni walimwondoa, wakamsimika Mkasiwa, mtu wa nyumba hiyohiyo ya kitemi. Mnywa Sere alipigana msituni mpaka alipouawa mwaka 1865. Kiini cha vita kilikuwa ziada: nani aichukue. Mpagazi hakuulizwa.

Hamed, mwana wa Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliipeleka biashara hiyo hadi Manyema kwa mali aliyokopeshwa Unguja na Taria Topan. Pembe zilivuka bahari, zikawa vibao vya piano na mipira ya biliadi kwa mabwanyenye wa Ulaya na Marekani. Mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alimfanya liwali wa Stanley Falls. Ubeberu ulimtumia, kisha ukaibomoa kazi yake. Mwaka 1893 mwanawe Sefu aliuawa katika vita na majeshi ya Leopold. Mwaka huohuo, huko Tabora, Mtemi Isike alijilipua kwa baruti ngomeni Wajerumani walipomzingira. Mgeni na mwenyeji, wote wawili walianguka.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, wanyonyaji huoana, hugombana na hupatana bila kujali kabila wala rangi. Pili, tabaka la kati linaloishi kwa mkopo na soko la nje halina nguvu yake lenyewe. Mwenye soko akitaka, hulifuta.

Basi kada anapofundisha tawini, iwe Keko au Tabora, aanze na maswali haya: nani alizalisha, nani aligawa, na ziada ilikwenda wapi?